Edmonton au Florida? Anza na kipa

Mdogo wangu umeuliza: Edmonton wana nyota wa kushambulia McDavid na Draisaitl, wamemaliza msimu na pointi 101 na Florida 98, sasa kwa nini wakubwa wa humu jukwaani wanaipa Florida kombe kabla fainali ya 2025 ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu, haijaanza? Nimesoma majibu ya walionitangulia. Wengi wamejibu kwa mapenzi. Mimi nitajibu kwa makovu, maana hesabu hiyo ya pointi niliipiga mwenyewe mwaka 2010 na nikaaibika vizuri.

Wakati huo nilikuwa Montréal, nasafisha ofisi usiku. Hoki ya barafu niliijua kama unavyomjua jirani usiyesalimiana naye. Kwenye zamu yetu kulikuwa na mzee wa Québec aliyefunga redio ndogo kwenye toroli la ndoo zake, na wakati wa mtoano toroli lile lilikuwa halisogei. Canadiens, timu ya Montréal, waliingia na pointi 88 wakapangiwa Washington, wenye 121 na mfungaji wao Ovechkin juu yake. Nikamwambia mzee kwa Kifaransa changu cha Lubumbashi kwamba hapa mnakwenda kuaga tu. Baada ya mechi nne nilikuwa nabii: Washington wameshinda tatu, Montréal moja.

Halafu kipa mmoja wa Slovakia, Jaroslav Halák, akafunga mlango. Mechi ya sita alipigiwa mashuti 54, likapita moja. Ya saba Montréal wakashinda 2-1 kule kule Washington. Kitu kilichonimaliza ni hiki: kwenye hoki mchezaji akikosea anatolewa nje dakika mbili, timu yake inabaki pungufu, na hapo ndipo wapinzani hula. Washington walipata nafasi kama hizo 33 katika mfululizo ule. Walifunga bao moja. Mzee hakunicheka kwa maneno. Aliongeza sauti ya redio.

Desemba ya mwaka ule ule somo likanijia kwa lugha ya nyumbani. Mazembe yetu ya Lubumbashi dhidi ya Internacional ya Brazil, nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Tulijazana sebuleni kwa mama mmoja wa kwetu, nje theluji, ndani bukari, yaani ugali, na samaki. Ungelinganisha majina na bajeti, hakukuwa na mechi pale. Lakini golini alikuwepo Kidiaba, na Wabrazil walipiga mpaka wakaanza kutazamana. Kabangu akafunga, Kaluyituka akafunga, Kidiaba akaruka kwa makalio uwanja mzima, na mimi nikamkumbuka mzee wa redio.

Kwa hiyo mdogo wangu, mimi sianzi na McDavid. Naanza na kipa. Chukua hesabu ya darasa la sita: kipa mmoja anazuia mashuti 92 kati ya 100, mwingine 90. Kwa macho ni watu wale wale. Timu ikipigiwa mashuti 30 kwa usiku, kwa mechi saba ni mashuti 210, na tofauti yao inakuwa mabao manne. Kuna mfululizo wa mtoano unaoamuliwa na mabao machache kuliko hayo.

Upande wa Florida kuna Sergei Bobrovsky, miaka 36, mara mbili amepewa tuzo ya kipa bora wa ligi. Si malaika. Mwaka jana, fainali ya watu hawa hawa, mechi ya nne Edmonton waliwapiga 8-1 na Bobrovsky akatolewa kabla mchezo haujaisha. Florida walikuwa wanaongoza kwa mechi 3-0, wakaachia mpaka ikawa 3-3, jasho likawatoka. Mechi ya saba Bobrovsky akaruhusu moja, wakashinda 2-1. Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano alipewa McDavid aliyeshindwa, na wala haikuwa dhuluma. Ila angalia vizuri: mechi ya nne na ya tano alipata pointi nne nne (kila bao au pasi ya bao ni pointi moja ya mchezaji), ya sita na ya saba hakupata hata moja.

Upande wa Edmonton kipa ni Stuart Skinner, na hapa ndipo nakosa usingizi. Mechi mbili za kwanza za mtoano huu, dhidi ya Los Angeles, timu ilifungwa mabao 12. Akakalishwa benchi, akaingia kipa wa pili Calvin Pickard, wakashinda sita mfululizo. Pickard akaumia, Skinner akarudi, na tangu hapo amemaliza mechi tatu bila kufungwa: mbili za mwisho dhidi ya Vegas, moja dhidi ya Dallas. Sasa huyu umwiteje? Mimi namwita mvua ya Oktoba hapa kwetu Lubumbashi. Inaweza kunyesha, inaweza kukupita na mawingu yake.

Mfano wa Mazembe una mwisho wake lakini. Internacional walikuwa na usiku mmoja tu wa kupata dawa ya Kidiaba. Fainali ya hoki ni mshindi wa mechi nne kati ya saba, watu wale wale wanagongana ukutani karibu kila baada ya siku mbili. Ujanja wa leo keshokutwa umejulikana. Na nyota wa hoki hachezi kama nyota wa mpira wa miguu: anaingia sekunde 45 hivi, anakimbia kama nyumba inaungua, anatoka kupumua. McDavid mwenyewe kati ya dakika 60 zaidi ya nusu amekaa benchi. Ndiyo maana nauliza: akikaa, nani yuko kwenye barafu?

Timu ina safu nne za washambuliaji zinazopokezana, na kwa Florida safu ya tatu ni Marchand, Lundell na Luostarinen. Safu ya tatu! Brad Marchand alichukua kombe na Boston mwaka 2011, akawa nahodha wao, na Machi mwaka huu wakamwachia aende Florida. Mtu wa Montréal kumsifu Marchand ni kama mtu wa Lupopo kuvaa nyeusi na nyeupe ya Mazembe, mahasimu wao, nisameheni. Lakini mwili wangu unasisimka nikifikiria mabeki waliochoka wa Edmonton wakimwona anaingia. Edmonton nao wana wachezaji wa kupokezana, wamempata tena beki Ekholm kwenye ulinzi, ila wamempoteza mshambuliaji Zach Hyman, aliyeumia kifundo cha mkono dhidi ya Dallas. Hyman ndiye anayesimama mbele ya kipa akapigwa magongo ya mgongo ili wenzake wapate kupiga. Kazi ile haina wagombea wengi.

Sasa zile pointi 101 zako. Zimenunua kitu kimoja cha maana: mechi ya kwanza, ya pili, ya tano na ya saba, ikifika huko, zitachezwa Edmonton. Si kelele za mashabiki ninazozisema. Kila mchezo unaposimama, kanuni inampa kocha wa nyumbani haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji, baada ya kuona mgeni ameingiza nani. Kule Florida, kocha Paul Maurice akimwona McDavid anaruka ukuta, anamtuma Barkov, nahodha wake, ambaye kwa kukaba washambuliaji hana wengi wanaomfikia. Kule Edmonton ni kocha wao Knoblauch atakayesubiri Barkov akae ndipo amfungulie McDavid. Ukiangalia, usitazame kisahani kinachopigwa peke yake. Tazama nani anaingia wakati nani anatoka. Mimi mzee wa redio alinifundisha hilo, na tangu siku hiyo mchezo ukawa mwingine.

Kuna jamaa mmoja kaandika hapo juu kwamba safari itawachosha wote sawa. Kati ya miji hiyo miwili ni zaidi ya kilomita 4,000, karibu mara mbili na nusu ya ndege ya Lubumbashi–Kinshasa. Wote wanapanda, kweli. Lakini mwenye safu nne za kugawana dakika anashuka na miguu mingine kabisa.

Na msidanganywe kwamba Florida wamepita njia laini. Toronto waliwatangulia mechi mbili kwa bila, wakaishia kupigwa 6-1 nyumbani kwao kwenye mechi ya saba. Na Florida hawa ndio waliomtoa Boston mwaka 2023, Boston ya ushindi 65 na pointi 135, rekodi ya ligi nzima. Florida wenyewe walikuwa na 92. Msimamo wa ligi wao wanausoma kama tangazo la mazishi ya mtu wasiyemjua.

Moyo wangu uko Edmonton. Tangu Montréal 1993 hakuna timu ya Kanada iliyobeba kombe hili, na nimekaa kule vya kutosha kujua linavyowauma. Halafu yupo Corey Perry, miaka 40, alishinda akiwa kijana mwaka 2007, tangu hapo amefika fainali na Dallas 2020, Montréal 2021, Tampa 2022, Edmonton 2024, akapoteza zote nne. Sasa anaingia ya tano. Hata Marchand angemhurumia, kama angejua namna.

Ila umeniuliza kulinganisha, hukuniuliza namwombea nani. Florida, mechi saba.

Mechi ya kwanza ni usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nane za usiku kwetu. Chaji betri mapema, umeme wa mtaa wetu unajua siku za mechi. Na ukirudi hapa asubuhi usianze kuniambia matokeo. Niambie kwanza Skinner alipigiwa mashuti mangapi, na Barkov alikuwa wapi McDavid alipokuwa anaingia.