Tangi la oili la kuokota: likatwe wapi?

SWALI: Hujambo fundi? Ninajiundia pikipiki kwa injini ya Triumph 650 ya miaka ya sitini. Fremu ni ya kuunganisha, tangi la oili la awali lilipotea. Nimepata jingine la chuma pale Grogan kwa wauza vipuri, sijui lilitoka pikipiki gani, linabeba kama lita tatu na tundu la kutoa oili liko chini, upande wa mbele. Tatizo linagusa madigadi ya nyuma. Nikilikata sentimita tano mgongoni kisha nilichomelee upya, injini itapata oili ya kutosha? – Msomaji, Kariobangi

JIBU: Ukilikata sentimita tano kuanzia juu mpaka chini, haitatosha. Tuseme mgongo wa tangi una kimo cha sentimita 22 na upana wa 12. Kipande hicho kitaondoka na sentimita za ujazo 1,320, yaani zaidi ya lita moja na robo, na wewe ubaki na chini ya lita mbili. Boxer za stejini huhifadhi oili chini ya injini yenyewe. Triumph yako sivyo: pampu yake ina pistoni mbili, moja inavuta oili kutoka tangini, nyingine inairudisha. Tangini ndipo oili inapotulia, povu linapoisha na inapopoa. Ukipunguza akiba hiyo kwa karibu nusu, foleni ya Jogoo Road jioni itaipikia injini yako.

Lakini gurudumu ni la duara, halihitaji mgongo wote. Fungua shokomzoba, inua gurudumu la nyuma mpaka liishie, kisha kata kadibodi ifuate nafasi iliyopo. Usipime pikipiki ikiwa imesimama tu, maana kwenye tuta la kwanza madigadi itapanda na kulipiga tangi. Mara nyingi utakuta kinachogusa ni kona ya chini nyuma. Ukiikata kona hiyo kimshazari, sentimita tano kwa chini na kupungua hadi sifuri katikati ya mgongo, unapoteza sentimita za ujazo 330 tu. Theluthi ya lita! Unaweza kuirudisha kwa kuinua paa la tangi kidogo chini ya kiti, kama nafasi ipo. Bahati yako tundu la kutolea liko mbele; lingekuwa kona hiyo, ningekwambia uliuze utafute jingine.

Kabla ya kisu, usafi. Hujui injini iliyolitumia kabla yako ilikufa kwa nini, na yawezekana vyuma vyake bado vimo ndani. Mimina mafuta ya taa, tia nati ndogo ulizozihesabu, tikisa, mwaga, pitisha sumaku kwenye uchafu uliotoka. Rudia mpaka sumaku itoke safi, na hesabu ya nati itimie. Kisha osha kwa maji moto yenye kostiki, ukivaa glavu na miwani. Kostiki ni kwa chuma tu. Kwenye tangi la alumini inakula bati na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Usikubali fundi alichomelee likiwa bado linanuka mafuta. Mvuke uliofungiwa tangini hulipuka, hata kama tangi limekaa tupu miaka. Baada ya kuosha, acha matundu yote wazi, ujaze maji mpaka karibu na mahali pa kuchomelea.

Bati la matangi haya ni jembamba, geji 18 au karibu na hapo. Stiki ya kawaida italitoboa na kurusha vipira vya chuma ndani, navyo vitaishia kwenye pampu. Tafuta fundi wa gesi au wa TIG (umeme wenye gesi ya kukinga mshono), na hao Kariobangi huwakosi. Mafundi wa Kamukunji wanakunja bati vizuri mno, nawasifu, ila mshono wa kulehemu kwa risasi uwe wa makarai. Injini hii inatetemeka, mshono huo utaachia. Kwa sababu hiyo hiyo, shikilia tangi kwa raba kila boliti. Ukilibana moja kwa moja kwenye fremu, litapasuka penye vishikio.

Kulipima, ziba matundu, tia upepo kidogo sana, pauni tatu hivi, upake povu la sabuni. Pampu ya baiskeli inatosha. Kompresa ya pancha italivimbisha kama puto. Usipake rangi wala gundi ya kuzibia ndani, kwani oili moto huibambua na vipande vikaziba chujio.

Mabomba sasa. Bomba la kuvuta liwe na uwazi wa milimita 8, lishuke moja kwa moja hadi kwenye pampu bila kupanda popote. Sakafu ya tangi iwe juu ya pampu. Mdomo wa bomba hilo usimame kidogo juu ya sakafu, na chujio lake, ili takataka zibaki chini. Bomba la kurudisha limwage juu, karibu na kifuniko. Na usisahau tawi linalopeleka oili kwenye roka, vile vikono vya juu vinavyofungua vali: kwenye Triumph hizo linatoka bomba la kurudisha, na tangi la pikipiki nyingine huenda halina pa kulifungia. Fungia kiungo cha T njiani. Acha pia nafasi ya hewa juu, na kipumulio.

Siku ya kuwasha, legeza bomba la kuvuta kwenye injini mpaka oili itoke bila mapovu, kaza, washa, ufungue kifuniko na kumulika tochi. Oili ianze kurudi kwa kutematema ndani ya dakika moja. Isiporudi, zima papo hapo, usiikanyage tena kujaribu bahati.