Amepandikizwa Uboho, Sasa Yuko Nyumbani: Tunajibu Maswali Yenu

Maswali haya yametoka kwa waume na wake wanaouguza wenzi wao Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya. Daktari aliyempandikiza mwenzi wako akikuambia tofauti na haya, mfuate yeye.

Mume wangu alipewa uboho wa dadake miezi miwili iliyopita. Huku Nyalenda kila homa ni malaria. Akipata joto, nianze na dawa za malaria nilizo nazo? (Mke, Kisumu)

Usianze, mama. Kwa mgonjwa wako homa ni dharura hata kama anakula na kucheka. Chembe nyeupe zake bado ni chache na dawa zinazishusha nguvu, hivyo maambukizi makubwa yanaweza kumwingia bila usaha wala uvimbe. Mara nyingi joto ndiyo dalili pekee utakayoipata.

Mpime kwa themomita ya kidijitali, mdomoni kama hana vidonda, la sivyo kwapani, ambako husoma chini kidogo. Usipime kamwe njia ya haja kubwa, maana mchubuko mdogo huko hufungulia bakteria mlango wa damu. Ikifika nyuzi 38, piga simu na muondoke, hata kama ni usiku wa manane. Usimpe Panadol kabla ya kupima: joto litashuka, nanyi mtalala mkidhani amepona huku ugonjwa ukiendelea. Akitetemeka kwa baridi bila joto, hasa baada ya mpira wa kifuani wa kupitishia dawa kusafishwa, hesabu hiyo kuwa homa.

Mkifika hospitalini, neno la kwanza liwe: “Amepandikizwa uboho, anatumia dawa za kushusha kinga.” Omba damu ichukuliwe ya kuotesha vijidudu, hesabu ya chembe za damu na kipimo cha malaria, kisha antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Malaria ikionekana, antibiotiki isiachwe kwa sababu hiyo. Kandokando ya ziwa mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bakteria damuni kwa wakati mmoja, na bakteria ndio wanaoua haraka.

Barua ya hospitali, orodha ya dawa na namba ya simu ya wodi vikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Elewaneni mapema na dereva atakayekubali kuamshwa. Mume alale kwenye neti yenye dawa kila usiku, nawe umuulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia malaria. Septrin anayomeza ni ya kumkinga na nimonia fulani, msiitegemee kwa malaria.

Mke wangu anameza siklosporini, dawa ya kushusha kinga. Siku ya kliniki tunatoka Bungoma alfajiri kwenda Eldoret. Ameze kabla ya kupanda matatu? (Mume, Bungoma)

Abebe vidonge, ameze baada ya kutolewa damu. Kinachopimwa ni kiwango cha dawa kikiwa chini kabisa, takriban saa 12 baada ya dozi iliyotangulia. Akimeza njiani, kipimo kitasoma juu na daktari anaweza kupunguza dozi isiyohitaji kupunguzwa. Hapo chembe za mtoaji wa uboho hupata nafasi ya kuushambulia mwili wake: vipele viganjani na kwenye nyayo, kuhara maji, macho kuwa ya manjano. Kama usiku humeza saa tatu, damu itolewe karibu saa tatu asubuhi, na saa ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye fomu.

Akisahau dozi, asimeze mbili pamoja. Balungi asile kabisa, kwa kuwa hupandisha dawa damuni. Baadhi ya antibiotiki na dawa za fangasi hufanya vivyo hivyo, nayo rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo ambazo siklosporini tayari inazilemea. Kwa hiyo kila dawa ya dukani, na kila mizizi ya kienyeji hata ikiletwa na mtu anayempenda, daktari aijue kwanza.

Mama mkwe ameleta mursik (maziwa ya mgando) na kuku wa kienyeji ili mume wangu apate nguvu. Nikatae vipi? (Mke, Nakuru)

Kuku mpokee kwa mikono miwili, umpike hadi nyama iachane na mfupa. Mursik mgonjwa asinywe kwa sasa. Mwambie mama kwamba ni agizo la daktari, na umwombe amchemshie mwanawe maziwa yawe ya uji. Atakuwa amesaidia na heshima yake itabaki.

Mayai yaive hadi kiini kigande. Omena zioshwe kwa maji moto zaidi ya mara moja ili mchanga utoke, kisha zikaangwe hadi zikauke. Sukuma na managu zikiiva hazina shida, ila kachumbari ingoje. Matunda yawe ya kumenywa, nawe osha ganda kabla ya kisu kupita. Njugu zenye ukungu na mahindi yaliyopata unyevu visikaribie nyumba, naye asipukuchue mahindi wala asifagie banda la kuku: vumbi hilo hubeba fangasi wanaoshika mapafu. Kama hamna friji, pika cha kuliwa mara moja.

Chakula kikimwuma mdomoni, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa, asukutue mara nne kwa siku.

Tuna mtoto wa wiki sita. Chanjo zake zinamdhuru baba? (Mke, Busia)

Mtoto achanjwe, ila mwambie muuguzi wa kliniki kabla hajatoa matone. Matone ya polio na ya rota ni chanjo hai ambazo hutoka na kinyesi, hivyo uliza kama chanjo ya polio ya sindano inapatikana. Baba asibadilishe nepi, nawe nawa kwa sabuni kila mara. Chanjo za baba mwenyewe zitaanza upya baadaye, na ya surua kwa kawaida haitolewi kabla ya miaka miwili tangu apandikizwe.

Ni kweli grupu ya damu ya mke wangu itabadilika? (Mume, Siaya)

Ndiyo, kama ya mtoaji ni tofauti. Abebe kadi inayosema hivyo, na kwamba damu atakayoongezewa iwe imepigwa mionzi.

Mume wangu hanigusi tangu arudi. Naogopa kuuliza. (Mke, Kakamega)

Hamu hupotea kwa uchovu, dawa na homoni kushuka, hata kama mapenzi yapo. Mwulize daktari idadi ya chembe za kugandisha damu. Wengi huruhusu tendo zikizidi 50,000, kwa kondomu. Wanawake waliopandikizwa mara nyingi hupata ukavu, na kilainishi cha dukani kilichotengenezwa kwa maji, si kwa mafuta, husaidia. Kushikana mikono na kulala pamoja hakuhitaji kipimo chochote, mradi wewe huna mafua. Ukiwa nayo, lala chumba kingine na uvae barakoa, na umweleze sababu kabla hajadhani umemkimbia.