Mfupa wa kidole kidogo unaanzia wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Ninafundisha shule ya msingi na ndiye kocha wa netiboli. Juzi niliruka kudaka mpira, nikatua vibaya, mguu ukapindia ndani na kifundo kikavimba. Hospitalini walinipiga eksirei wakaniambia nimevunjika kitako cha metatasali ya tano, mfupa wa kidole kidogo. Lakini panaponiuma ni katikati ya mguu, mbali na kidole! Mzee mmoja mkandaji hapa mtaani anasema ni mshipa tu umeruka, niende akauchue. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole sana. Sikiliza eksirei, na nakusihi mguu huo usikandwe. Mzee wetu huenda ana mikono mizuri kwa misuli iliyochoka, lakini mfupa uliovunjika ukisuguliwa unazidi kuumia.

Sasa shika mguu wako mzima. Weka kidole cha shahada kwenye ukingo wa nje wa wayo, pale kidole kidogo kinapoota, ukitelezeshe kurudi kisiginoni. Karibu nusu ya njia utagonga kinundu kigumu. Hicho ndicho kitako cha metatasali ya tano. Kidole unachokiona ni vifupa vidogo vya mbele tu, falanji; nyuma yake kuna mfupa mrefu uliozama ndani ya mguu, ndio metatasali. Kila kidole kina wake, nao huhesabiwa kuanzia kidole gumba.

Kwenye kinundu hicho hushika kano ya msuli unaoshuka ubavuni mwa mguu na kupita nyuma ya kifundo cha nje. Wayo ukipindia ndani ghafla, kano huvutwa kwa nguvu hadi hung'oa kibanzi cha mfupa.

Wengi wakitenguka hutazama kifundo peke yake. Nundu mbili za kifundo wala si mifupa ya wayo: ya nje ni ncha ya fibula, ya ndani ni ncha ya tibia, yaani mfupa wa muundi. Katikati yake imebanwa talasi, mfupa ninaoupenda kuliko yote. Hakuna msuli hata mmoja ulioshika juu yake, na bado uzito wa mwili wote unapita hapo. Damu huufikia kwa shida, hivyo mfupa huo ukivunjika penye shingo yake, sehemu yake yaweza kufa. Chini yake iko kalkaneasi, mfupa wa kisigino, mkubwa kupita wenzake. Mbele ya talasi, upande wa ndani, ipo navikula, halafu kuneifomu 3. Upande wa nje ni kuboidi, jirani kabisa na panapokuuma. Hiyo ni 7. Ongeza metatasali 5 na falanji 14, upate 26 kwa kila mguu. Wanafunzi wangu wa fiziotherapia huchorana yote kwa kalamu miguuni kabla sijawaruhusu kumgusa mgonjwa.

Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ya kuamua nani aliyetenguka apigwe eksirei. Mtu mzima asiyeweza kutembea hatua nne apigwe. Kadhalika anayeumia akibonyezwa mfupa wa nundu za kifundo, kwa nyuma au nchani, au navikula, au kitako chako hicho cha metatasali ya tano. Wewe ungepita kwa hicho cha mwisho.

Ukirudi kliniki, muulize daktari: ufa uko kwenye kitako chenyewe, au umesogea mbele kidogo? Kibanzi cha kitakoni kwa kawaida huunga vizuri kwa kiatu kigumu na subira ya wiki kadhaa. Ufa wa mbele kidogo ni ule ambao daktari Robert Jones wa Uingereza aliueleza mwaka 1902, baada ya kuvunjika mwenyewe akicheza dansi. Pale damu ni haba, mfupa huchelewa kuunga, na huenda ukatakiwa kutembelea magongo bila kukanyaga, au hata kutiwa skrubu. Usirudi uwanjani kabla hujapata jibu hilo.