Mkanda mmoja kwa harusi na kwa mlima

Kaka, umeuliza kama mkanda mmoja wa kamera utakutosha kwa harusi na kwa kupanda mlima wa volkano wa Nyiragongo. Utatosha, ila si ule uliokuja na kamera. Ule ni mwembamba, unakata shingo, tena jina la kampuni limeandikwa kubwa kama vile unawaita wezi wa mtaa wa Birere hapa Goma.

Tafuta wa kuvaa mshazari, upana sentimita 4 au 5, laini kama mkanda wa gari, ili uteleze ukiinua kamera. Wenye mpira unaovutika achana nao: ukipanda nyuma ya motari (dereva wa pikipiki) kwenye haya mawe yetu ya volkano, kamera inadunda hadi inakugonga mbavu.

Angalia hasa unapofungwa. Mikanda inayoingia kwenye tundu la skrubu chini ya kamera hulegea polepole. Mkanda wangu ulifunguka mtaani Himbi, bwana harusi akiwa ndiyo anashuka garini. Niliidaka kamera kwa goti! Sasa nafunga kwenye pete mbili za pembeni, na kabla ya kutoka nyumbani navuta kwa nguvu.

Fundi viatu anaweza kukushonea, lakini simama hapo uone: uzi wa nailoni, mishono miwili.