Maswali ya Wasomaji: Mfuko mbadala unaokatika vishikio

SWALI: Nina duka la rejareja Mbagala. Mifuko mbadala ninayochukua kwa jumla inakatika vishikio mteja hata hajavuka barabara, na lawama ni zangu. Nitaujuaje mfuko mzuri kabla sijalipa?

JIBU: Tumia mzani wako mwenyewe. Tangu rambo (mifuko ya plastiki ya kubebea) zipigwe marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, mifuko hii ya kitambaa iliyochukua nafasi yake inatakiwa isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ndiyo ile "GSM 70" ya wauzaji. Kuichapa namba hiyo kwenye mfuko ni rahisi. Kuitimiza kunakula faida. Chukua mfuko wa sentimita 30 kwa 40. Pande mbili ni mita za mraba 0.24, zidisha kwa 70, unapata karibu gramu 17. Vishikio vinaongeza kama gramu tatu. Mzani wa duka hausomi vizuri uzito mdogo hivyo, basi pima 10 kwa pamoja. Zikifika gramu 200, sawa. Zikiishia 120, hiyo ni karibu GSM 40, hata iwe imechapwa nini.

Kisha kagua kishikio. Nyuzi za kitambaa hiki hazikufumwa, zimegandamizwa tu, kwa hiyo mshono wa mstari mmoja unakitoboa mfululizo na mzigo unakichana papo hapo. Dai mshono wa mraba wenye msalaba ndani, ulioshuka sentimita nne au tano chini ya mdomo. Kama kimeunganishwa kwa moto, kivute: kikibanduka kizima, joto halikutosha, kikikatika pembezoni mwa alama, joto lilizidi. Mwisho tia unga kilo tano, nyanyua, tikisa.

Na usiitundike nje ya duka kama mapambo. Tusidanganyane, nayo ni plastiki (polipropilini), na jua huikausha mpaka inameguka mkononi. Kikapu cha ukindu bado kinaishinda kwa mbali.

SWALI: Nikibebea samaki mfuko mbadala, maji yanavuja na harufu haitoki. Nifanyeje? (Mama wa nyumbani, Tanga)

JIBU: Mfuko huo una vitundu, hauwezi kuzuia maji. Nenda sokoni na ndoo ya lita tano yenye mfuniko, uiweke ndani ya kapu. Pakacha linafaa kwa samaki wazima waliokwisha chuja maji, si kwa nyama inayotoka damu. Mfuko ukishachafuka, suuza kwanza kwa maji baridi bila sabuni, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Ndipo ufue kwa sabuni, uugeuze ndani nje na kuuanika kivulini penye upepo. Wa samaki usiutilie mboga.

SWALI: Mkate na sukari mbona bado vimo kwenye plastiki? Na mimi muuza karanga je?

JIBU: Kilichokatazwa ni mfuko wa plastiki wa kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani na vyakula vilivyosindikwa vimeruhusiwa. Matatizo yalianza pale vile vifuko vyepesi visivyo na vishikio vilipogeuzwa vya kubebea nyanya na nyama. Mwaka 2021 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikavikataza kutumika hivyo. Karanga zako zifunge kwa karatasi. Anayekutwa na mfuko uliokatazwa anatozwa Sh30,000 hadi Sh200,000, anayeuza Sh100,000 hadi Sh500,000, na kifungo kipo pia.