Watoto mwaloni: hukumu ya kazi yao na ujira wao

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina duara (shimo la kuchimbia) na mwalo (mahali pa kuoshea mchanga) wa dhahabu huku Geita. Watoto wa miaka 11 hadi 13 huja na mama zao, wengi wajane. Wanaosha mchanga na kuchanganya zebaki, nami nawalipa. Wenzangu wanasema hakuna ubaya, kwani Anas bin Malik (r.a.) alimhudumia Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto. Je, chumo langu ni halali?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Anas alipelekwa na mama yake akiwa na umri wa kama miaka kumi, na amesimulia mwenyewe, katika Bukhari na Muslim, kwamba kwa miaka kumi hakuambiwa hata "ah!". Alitumwa, akahudumia nyumbani, akalelewa, akawa mwanachuoni. Ushahidi huo hauwafai wenzako.

Itazame kazi yenyewe. Mtoto anavuruga zebaki na mchanga kwenye beseni kwa mikono mitupu. Mchanganyiko unakamuliwa kwa kitambaa, linabaki donge la zebaki na dhahabu, nalo linachomwa kwenye mkaa. Hapo zebaki inaruka kuwa mvuke usio na rangi wala harufu, kwa hiyo anauvuta asijue. Unapita mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kwenye figo na ubongo, na ubongo unaokua ndio unaoumia zaidi. Mikono kutetemeka na kusahausahau huja baadaye. Ndiyo maana watu hudhani zebaki haina neno. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo, na ukichomea nyumbani unabaki ndani wanamolala.

Kwa hiyo kazi hii kwa mtoto ni haramu, aridhie mama asiridhie. Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Naye Uthman bin Affan (r.a.), katika khutba iliyomo ndani ya Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, alikataza mtoto mdogo kulazimishwa kutafuta chumo, kwani asipopata ataiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inamkataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini. Waondoe leo, usingoje mzigo uliopo uishe.

Dhahabu yako haigeuki haramu kwa sababu hiyo. Dhambi iko kwenye madhara, na kwenye ujira ukiupunja. Katika madhehebu ya Shafi, mtoto hafungi mkataba mwenyewe. Akishafanya kazi anastahiki ujira wa mfano, yaani ule anaolipwa mwingine kwa kazi kama hiyo. Tuseme mtu mzima analipwa shilingi 5,000 kwa kiroba, na mtoto ulimpa 2,000: unadaiwa 3,000 kwa kila kiroba. Fanya hesabu hiyo kwa kila mtoto, na mama yake awepo. Fedha hizo ni mali ya mtoto, mlezi anazishika kwa amana tu. Kama ni yatima, soma Suratun Nisaa aya ya 10, inayowaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, kabla hujamkabidhi mtu yeyote.

Wajane wasiachwe hivi hivi. Wape kazi iliyo mbali na zebaki, kama kupika au kuuza maji, kwa malipo kamili. Dhahabu ya duara lako ikifika gramu 85 ina zaka ya asilimia 2.5 inapopatikana, bila kungoja mwaka, na maskini hawa wanaistahiki. Lakini usiihesabu zaka hiyo kuwa ujira uliobaki: ujira ni deni, unalipwa kwa mali yako. Wallaahu a'lam.