"Wastani wa kasi" au "kasi ya wastani"?

SWALI: Mwalimu wetu wa fizikia huandika "wastani wa kasi", lakini kitabu tunachotumia kina "kasi ya wastani". Je, ni kitu kimoja? Na je, ni kosa kusema "masaa matano"?

JIBU: Kwa mazoea ya wasemaji ni kitu kimoja, na sarufi haina ugomvi na mwalimu wala kitabu. Ila kwenye fizikia mimi nashika upande wa kitabu, na sababu yangu imo katika kale kajineno "wa".

Tukisema wastani wa alama au wastani wa umri, kinachofuata "wa" ndicho kinachojumlishwa kisha kugawanywa. Mwanafunzi aliyezoea hivyo, akikutana na "wastani wa kasi", atazikusanya kasi na kuzigawanya kwa idadi yake. Tuseme gari limekwenda kilomita 120 kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Atajumlisha 60 na 40, agawanye kwa 2, apate 50. Amekosa! Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita zote 240 ukizigawanya kwa saa 5 unapata 48. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, ndiyo maana jibu limeshuka. Hiyo 50 ingekuwa sawa iwapo muda wa kwenda na wa kurudi ungelingana.

"Kasi ya wastani" hutanguliza kasi yenyewe: ni kasi moja ambayo gari lingekwenda nayo bila kubadilika, likamaliza umbali uleule kwa muda uleule. Nayo ina dosari yake. Nje ya darasa, "wastani" ni pia kitu kisicho kikubwa wala kidogo, kama mtu wa kimo cha wastani. Ukisema dereva alikwenda kwa kasi ya wastani, wengi wataelewa tu kwamba hakukimbiza gari. Kwenye hesabu, muktadha huondoa utata huo. Anayependa "mwendokasi" aandike "mwendokasi wa wastani". "Spidi" tuiachie mazungumzo.

Sasa "masaa". Katika Kiswahili sanifu neno saa halibadiliki kwa wingi: saa moja, saa tano. Hata hivyo namwelewa anayesema masaa. "Basi lilisafiri saa tano" ni kwamba liliondoka saa tano, au lilikuwa njiani saa tano? Wenye "masaa" yao wamejitengenezea njia ya kutofautisha. Wewe kwenye mtihani andika "kwa muda wa saa tano", utakuwa umemaliza kazi. Na kikokotoo kikikupa saa 2.5, usisome saa mbili na dakika tano, wala na dakika hamsini. Ni saa mbili na nusu, yaani dakika 150.